Mafuta ya Jua Si Anasa

Imekuwa ada ya watu wa Nairobi kulipima jua kwa jasho, hata ukifika mwezi wa Julai, mawingu yametanda na masweta yametolewa sandukuni, utamsikia mtu katika Barabara ya Ngong akisema kwa yakini kwamba leo jua halipo. Ilhali miale inayodhuru ngozi, ile iitwayo urujuanimno, haina joto la kuhisiwa, hupenya mawingu, na huzidi ukali kadiri nchi inavyoinuka, nasi maskani yetu yako jirani na Ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mtu wa Mombasa hukimbilia kivulini kwa kuamrishwa na joto. Wa Kilimani, mtaa wetu hapa Nairobi, hughuriwa na baridi.

Mwenye ngozi nyeusi ana melanini ya kumkinga, japo si ngao kamili. Mwenye ualbino anayo kidogo mno au hana kabisa, na sensa ya 2019 iliwahesabu watu 9,729 wa hali hiyo nchini Kenya. Kwao jua huanza kwa kuibabua ngozi na kuipasua midomo, kisha huja kidonda sikioni au shingoni kisichokubali kupona, na aghalabu hiyo ndiyo saratani yenyewe. Pamoja na hayo, katika maduka ya dawa ya mtaa wetu mafuta ya kukinga jua hupangwa na vipodozi, kana kwamba ni pambo la mtalii, kwa bei ambayo bawabu ashindaye juani hawezi hata kuiuliza.

Serikali, kwa mkono wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, huwagawia mafuta hayo bure wenye ualbino waliosajiliwa, nayo yastahili shukrani. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, wenzetu wa Tanzania wameyatengeneza kwa ajili ya watu hawa hasa.

Lakini mafuta hutaka kupakwa upya kila baada ya saa mbili, tena hayatoshi pasipo mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana, maana kepi huyaacha wazi masikio na shingo. Basi enyi wenye majumba na makandarasi wa maghorofa yanayochipuka Kilimani, yahesabuni mafuta na kofia hizo pamoja na viatu na helmeti mnazowapa wafanyakazi, na kibanda cha bawabu kiezekeni paa linalopita ukuta.