PAA LIFUNGWE KABLA YA TUFANI



Tumepata kusikia katika baraza zetu maneno haya: "Tufani ni mambo ya Wamarekani, pwani yetu haina tufani." Maneno haya si kweli, na kwa kuwa husemwa hadharani na watu waliosoma, yafaa yajibiwe hadharani. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaharibu merikebu za Sayyid Barghash na kuiangusha mikarafuu shamba kwa shamba. Tarehe 15 Aprili 1952 iliupiga mji wa Lindi. Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipita jirani na Ngazija, ikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma; na Mei 2024 ile ya Hidaya ikafika Mafia. Ni kweli kwamba huja kwa nadra. Lakini nadra hiyo ndiyo itusahaulishayo: baba huona, na mwana hujenga kana kwamba baba hakuona.

Wengine husema, "Upepo ni wa Mungu." Nasi twakubali. Walakini msumari si wa Mungu, ni wa seremala. Na seremala aliyepigilia msumari mmoja mahali pa mitatu asimsingizie Mwenyezi Mungu.

Na tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Upepo mkali upitao juu ya nyumba hauligandamizi paa, bali hulivuta kwenda juu. Dirisha au mlango ukivunjika, upepo huingia ndani ukalisukuma paa toka chini; basi paa huvutwa na kusukumwa pamoja, na ukuta ukikosa kushikwa juu huanguka. Kwa hiyo dawa yake yajulikana: kenchi ifungwe kwa mikanda ya chuma hata ukutani, si kwa misumari mitupu, bati lipigiliwe kwa karibu zaidi pembeni na kileleni, kwa maana ndipo upepo uanziapo kulibandua, na madirisha yapate vibao imara vya kufungia.

Huko Florida walijifunza kwa machozi. Tarehe 24 Agosti 1992 tufani iliyoitwa Andrew iliteketeza nyumba zaidi ya 25,000 kusini ya Miami, na wakaguzi wakakuta mapaa mengi hayakupigiliwa ipasavyo. Ikatoka sheria mpya ya ujenzi, iliyoanza kutumika mwaka 2002. Lakini sheria ya nyumba mpya haimfai mwenye nyumba ya zamani. Ndipo mwaka 2006 serikali ya jimbo lile ikaanzisha mpango wa kuwasaidia wenye nyumba: mkaguzi huja bila malipo, huonyesha udhaifu wa nyumba, na serikali huchangia gharama ya kuiimarisha. Alabama nako, tangu 2016, wenye nyumba hupewa msaada wa kuimarisha mapaa, na fedha zake hutoka katika ada za makampuni ya bima.

Hatusemi kwamba mipango hiyo haina kasoro. Ule wa Florida ulisimama kwa miaka mingi fedha zilipokwisha, ukafufuliwa 2022. Hilo nalo ni fundisho: msaada usiokuwa na mfuko wake ni ahadi tu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalotuudhi zaidi: ati kumsaidia mwenye nyumba ni kumwongezea aliye nacho. Ni nani huyo aliye nacho? Ni karani aliyetumika miaka thelathini, akapewa kiinua mgongo, akanunua mabati na mbao, na sasa mali yake yote imo chini ya paa lile moja. Likiruka, haruki tajiri. Huruka uzee wake na karo ya wajukuu wake. Tena bati lililobanduka halichagui: huenda likamkata jirani ambaye hana hata kibanda.

Chama chetu kina desturi njema ya kuchanga baada ya msiba. Twapeleka blanketi, unga na barua ya pole. Hatuikatazi desturi hiyo. Twasema tu kwamba gharama ya mikanda na misumari ni ndogo kuliko gharama ya paa, na asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Kwa hiyo twataka mkutano mkuu ujao uamue mambo matatu. Kwanza, kila tawi la pwani limtafute seremala mwaminifu azikague nyumba za wanachama kabla ya masika. Pili, sehemu ya mfuko wa kusaidiana itengwe kwa kazi hii peke yake, chama kitoe nusu na mwanachama nusu. Na wajane wa wenzetu wasidaiwe kitu. Tatu, waraka upelekwe serikalini kuomba kwamba jambo hili lisiishie kwa wanachama wetu, bali liwafikie wenye nyumba wote wa pwani.

Sisi makarani ndio tuandikao hesabu ya mapaa yaliyoruka. Kalamu zetu zimeizoea kazi hiyo kupita kiasi. Haijapata kutokea tukaagizwa kuandika hesabu ya mapaa yaliyofungwa. Basi na tujiagize wenyewe.