Acheni kuchagua valvu kwa volti

Kuna ushauri mmoja ambao kila anayetaka kujiundia koili ya Tesla ya valvu hupewa: eti tafuta valvu inayohimili volti nyingi kuliko zote. Wanaousema wanausema kwa kujiamini kweli kweli. Mimi nasema ni ushauri wa kizembe, tena unakula pesa za vijana. Ni sawa na kununua kompyuta kwa kutazama ukubwa wa kasha.

Kinachoua valvu nyingi kwenye koili ni joto. Sehemu ya nguvu unayoiingiza huenda kwenye koili ikatoka kama cheche, na iliyobaki hugeuka joto palepale kwenye anodi. Tuseme unaingiza wati 500, na 350 zinafika kwenye koili. Zile 150 umemwachia nani? Karatasi ya mtengenezaji wa 811A inaipa anodi wati 65 tu. Weka mbili sambamba, ni 130. Anodi itakuwa nyekundu kama kaa la jikoni, na hapo usizilaumu volti. 811A hiyo hiyo imeandikiwa volti 1500, lakini watu huilisha kutoka transfoma ya maikrowevu yenye volti 2000 hivi na inaishi, mradi isiwake mfululizo. Umeme wetu ni mawimbi 50 kwa sekunde. Ukiweka saketi ya kukatiza inayoruhusu wimbi moja kati ya matano, joto la wastani linashuka kutoka wati 150 hadi 30, na cheche bado inapendeza. Hesabu hiyo haihitaji hata kikokotoo.

"Basi nitanunua kubwa." Haya, nunua 833A, valvu ya mitambo ya redio za AM, anodi yake wati 300. Umeuliza filamenti yake inataka nini? Volti 10, ampea 10. Wati 100 zimekwenda kabla hujaona cheche moja, na transfoma ya namna hiyo utamlipa fundi akusukie. GU-81M ya Kirusi nayo ni jitu zuri, lakini filamenti yake pia hunywa zaidi ya wati 100. Filamenti ya 811A ni volti 6.3, ampea 4. Transfoma ya volti 6.3 si ajabu.

Halafu wako wanaokimbilia valvu za vikuza sauti kwa kuwa jina linajulikana. Itazame EL34: anodi iko mguu wa 3, na mguu wa 2, jirani yake kabisa, ni wa hita. Peleka volti 2000 hapo uone cheche itatokea wapi! Na bei yake umepandishiwa na wapiga gitaa. Linganisha na PL519, iliyoundwa kwa televisheni za rangi: anodi inatokea kwenye kofia juu ya glasi, mbali na miguu mingine, nayo imezoea mapigo ya volti elfu kadhaa. Ubaya wake ni hita ya volti 42. Kama hilo ni taabu, ndugu yake EL519 hutumia 6.3.

Na yule anayekuambia kwamba umeme wa koili hauui kwa sababu ni wa masafa ya juu, usimsikilize kabisa. Hiyo transfoma ya maikrowevu inayolisha anodi ni ya masafa 50, na inaua mara moja. Chomoa plagi, kisha toa chaji kwenye kapasita, ndipo uguse kitu.

Muuzaji akianza kukusifia volti, muulize mambo matatu: anodi wati ngapi, filamenti volti ngapi na ampea ngapi, na anodi inatokea juu au chini? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni.