Staa Akipiga Picha Mtoni, Wewe Usikimbilie Mkopo

Wiki hii kila anayenitumia ujumbe ananitumia picha ileile. Mchekeshaji wetu mmoja, jina nalimeza lakini kicheko chake mnakijua, amesimama katikati ya mto kule Aberdare. Ovaroli ya mpira imempanda mpaka kifuani, kofia ya kizungu kichwani, na mkononi ana fimbo ya kuvulia inayong'aa kama mpya, maana ni mpya kweli. Chini ya picha kaandika ameanza "maisha ya utulivu", halafu kuna jina la duka na neno la kuandika ili upunguziwe bei. Utulivu wenye biashara ndani yake, si ndiyo?

Hebu iangalie tena ile picha. Rili imekaa juu ya fimbo. Rili ya uvuvi wa nzi bandia huning'inia chini ya fimbo, nyuma ya mkono. Mtu aliyeishika vile sidhani kama alirusha uzi hata mara moja siku ile. Alipigwa picha, akapanda gari, akaenda kula nyama Nyeri.

Mimi sina ugomvi naye. Analipwa, na kila mtu ana kazi yake. Kilichonikera ni maoni yaliyokuwa chini. Kijana mmoja anauliza kama lile duka linakubali kulipwa polepole. Mwenzake anamjibu ajaribu mkopo wa simu. Mkopo wa simu, jamani, kwa ajili ya fimbo ya kuvulia trauti! Fimbo za daraja lile hupita dola 1,000 moja peke yake, yaani shilingi laki moja na zaidi, kabla hujanunua uzi, rili wala huyo nzi mwenyewe. Na mtu anayeanza hahitaji hata robo ya hiyo pesa.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniuliza mnunue nini, nakaa na nyinyi leo. Mito hii naivua mwenyewe, Mathioya na Thiba hasa, na maoni yangu ni haya: pesa yako iweke kwenye uzi, halafu kwenye fimbo fupi ya kawaida, halafu kwenye nzi. Vingine vyote vinaweza kungoja, na baadhi visije kabisa.

Mbona uzi kwanza? Chukua unyoya wa kuku ujaribu kuurusha. Utakuangukia miguuni. Nzi bandia ni hivyohivyo, ni manyoya na nyuzi kidogo zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wowote. Kwenye uvuvi mwingine unarusha risasi au chambo kizito, nacho kinavuta uzi. Huku mambo yamegeuka: uzito umo ndani ya uzi wenyewe, na uzi ndio unaombeba nzi. Ndiyo maana ni mnene, una rangi, na unauzwa ghali kuliko unavyotarajia. Uzi mbovu unajikunja kama waya wa simu za zamani, unazama mahali unapotakiwa kuelea, na hata ukipewa fimbo ya yule mchekeshaji utahangaika tu.

Kwenye boksi utaona maandishi kama WF4F. Usiogope. Herufi mbili za kwanza zinasema uzito mwingi uko upande wa mbele, jambo linalomsaidia anayejifunza. Namba 4 ni uzito wa uzi, na lazima ilingane na namba iliyoandikwa kwenye fimbo, juu tu ya mshikio. F ya mwisho ina maana unaelea. Kama fimbo ni namba 4, nunua uzi namba 4. Muuzaji akikwambia "hiyo 7 pia itaingia tu", toka dukani humo.

Sasa fimbo. Ukiuliza mtandaoni, kila mtu atakwambia futi 9, namba 5. Ni ushauri mzuri, lakini umetoka kwenye mito mipana ya Marekani ambako nyuma yako kuna uwanja mtupu. Mito yetu ya trauti si hivyo. Inashuka Aberdare na Mlima Kenya ikiwa myembamba, imebanwa na mianzi na vichaka, na mahali pengine unaweza kuivuka kwa hatua nne. Uzi lazima urudi nyuma kabla haujaenda mbele, na nyuma yako kuna tawi linalokungoja. Ukiwa na futi 9 mahali kama pale, nusu ya siku utaimaliza mtini ukitafuta nzi wako.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeanza leo ningechukua futi 7 na nusu au 8, namba 4, ya vipande vinne. Vipande vinne si urembo. Fimbo inaingia kwenye begi, unapanda nayo matatu bila kumtoboa mtu jicho. Ukijua utakuwa ukipanda kwenye maziwa ya juu kule Mlima Kenya, kama Lake Alice, hapo sawa, ile futi 9 namba 5 ina kazi yake, maana kuna nafasi na kuna upepo. Lakini kwa mto, fupi. Zipo seti za wanaoanza zenye fimbo, rili na uzi pamoja kwa dola 100 hadi 200, na nyingi zinatosha kabisa kwa miaka. Angalia tu uzi uliomo, ukiwa wa ovyo badilisha huo peke yake.

Rili nitaipitia haraka. Kwenye vijito hivi rili ni kibanda cha kuhifadhia uzi. Trauti wa ukubwa wa kiganja na nusu hatakukimbilia mita hamsini, unamvuta kwa mkono. Mtu anayekuuzia rili ya bei ya pikipiki kuukuu anakuuzia samaki wa baharini usiyeenda kumvua.

Mbele ya ule uzi mnene unafunga mwingine mwembamba usioonekana, unaopungua unene kuelekea mwisho. Wa futi 7 na nusu unatosha. Utaona namba zenye X. Kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. 4X au 5X, basi. Nunua pia kibunda cha ziada cha uzi huohuo mwembamba, kwa sababu kila unapobadilisha nzi unakata kipande, na baada ya saa mbili unabaki na kigutu.

Ile ovaroli ya mpira ndiyo kila mtu anaitamani, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye picha. Kwa kijito ambacho muda mwingi unasimama ukingoni au juu ya jiwe, huihitaji. Maji ni baridi, hilo sikatai, yanatoka mlimani. Vaa viatu vya zamani vyenye meno, soksi za sufu, na uweke suruali kavu kwenye begi. Na ukiazima ovaroli ya mtu, funga mkanda kiunoni kwa nguvu. Ukiteleza bila mkanda, maji yanaingia kwa juu, yanajaa miguuni, na kusimama tena inakuwa kazi. Yule wetu kwenye picha mkanda wake ulikuwa unaning'inia.

Kitu ambacho sitaki uache ni miwani. Ile ya kukata mng'ao wa maji, hata ya bei ya chini. Itakuonyesha samaki alipolala, na itazuia ndoana isikuingie jichoni. Bana pia kile kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale. Samaki anatoka bila kuchanika, na sikio lako vilevile.

Kuna dada mmoja wa redio ya asubuhi ambaye alienda mto huohuo, miezi kadhaa kabla ya huyu. Fimbo aliazima. Alichoweka mtandaoni ni viatu vyake vilivyolowa na trauti mdogo ndani ya maji akiachiliwa. Hakukuwa na jina la duka. Hiyo haikusambaa, na najua kwa nini, lakini angeulizwa yeye vifaa vya kununua angewasaidia zaidi.

Nadhani shida yetu ni kwamba mchezo huu tuliupokea na sare yake. Trauti si samaki wa hapa. Mlowezi Ewart Grogan ndiye anayetajwa kuleta mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, na kuwapanda mto Gura. Ndiye huyohuyo aliyewachapa viboko hadharani vijana wa riksho mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Kwa miaka mingi kwenye mito ile Mwafrika alikuwa mbeba mizigo wa mvuvi. Leo mto uko wazi kwa yeyote mwenye leseni ya uvuvi, na kiingilio cha KWS kama upo ndani ya hifadhi, halafu sisi wenyewe tunajiwekea geti lingine la mavazi. (Ndani ya hifadhi nenda na askari wa wanyamapori. Nyati hajali umevaa nini.)

Na hapa kwenye nzi ndipo panaponiuma. Kenya inafunga nzi bandia kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani, na imekuwa ikifanya hivyo kwa miongo. Watu wamekaa kwenye meza ndogo, manyoya, nyuzi na kibano, wakilipwa kwa dazeni. Vidole vyao vinajua umbo la mdudu wa mto wa Montana ambao hawajawahi kuuona. Sasa staa wetu anaagiza nzi kutoka ng'ambo, anawalipia ndege na ushuru, na inawezekana kabisa walifungwa Nairobi, wakasafiri, wakabandikwa nembo, wakarudi.

Kwa kuanza hutaki wengi. Pheasant Tail na Hare's Ear, namba 14 na 16, ambao huzama, kwa sababu trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu. Adams wachache wa kuelea, namba 14, kwa jioni utakapoona samaki wanagusa uso wa maji. Woolly Bugger nyeusi namba 10 kwa siku ambazo mvua imechafua mto. Kwa ndoana, namba ikipanda umbo hupungua, usije ukaletewa nzi wa ukubwa wa mende. Dazeni mbili zinakutosha msimu mzima ukijifunza kutoziacha mitini.

Kwa hiyo ombi langu kwenu. Kama wewe ni fundi wa nzi, au mama yako, au jirani, andika hapo chini unafunga aina gani na dazeni unauza ngapi. Namba ya simu usiiweke hadharani, nitumie pembeni. Na kama una fimbo fupi namba 4 imelala juu ya kabati, sema pia, yule kijana wa mkopo nimeshamwandikia asubiri.