Faili la Mgonjwa si Mali ya Daktari

Mwaka juzi shangazi yangu aliambiwa kwamba ana saratani ya ovari. Aliambiwa akiwa amesimama mlangoni, na daktari ambaye tayari alikuwa amekwisha kumwita mgonjwa anayefuata. Nilipoomba nakala ya majibu ya maabara ili mtaalamu mwingine ayasome, muuguzi alinitazama kana kwamba nimetukana. "Kwani humwamini daktari?" Shangazi mwenyewe akanivuta shati: "Mwanangu, acha. Watanikasirikia."

Naandika kwa sababu ya neno hilo. Mwanamke mgonjwa anaogopa hasira ya mtu anayelipwa kwa kodi yake.

Wanaotetea ukimya husema majibu ni majibu. Si kweli, hasa kwa ugonjwa huu. Dalili zake, yaani tumbo kujaa, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, ni dalili za maradhi mengi. Kipimo cha damu cha CA-125 hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi, kwa ujauzito na kwa kifua kikuu cha tumbo. Hilo la mwisho lingetosha kumnyenyekeza kila daktari wa nchi hii: mwanamke aliyekonda, mwenye maji tumboni na CA-125 ya juu, anaweza kuwa na kifua kikuu kinachotibika kwa vidonge vinavyotolewa bure. Wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana saratani.

Hata nyama ikishakatwa, shaka haijaisha. Kuna uvimbe wa ovari ulio mpakani, ambao kwa kawaida hauhitaji kemotherapia. Kuna saratani iliyoanzia katika mfuko wa chakula au utumbo mpana ikahamia kwenye ovari, nayo matibabu yake ni mengine. Anayetofautisha haya ni mwanapatholojia mbele ya hadubini, naye ni binadamu. Na upasuaji nao una mambo yake: uvimbe ulio bado ndani ya ovari ukipasuka mikononi mwa mpasuaji, seli humwagika tumboni na hatua ya ugonjwa hupanda. Kwa hiyo kuuliza "nani atanipasua, na amekwisha kuwapasua wangapi?" si utovu wa adabu.

Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mara ya kwanza mwaka 1981, linampa mgonjwa haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote. Wakenya wameiandika haki hiyo katika mkataba wao wa haki za wagonjwa wa mwaka 2013. Wakubwa wetu huitumia bila kuitaja: mheshimiwa akiambiwa ana uvimbe, hupanda ndege kwenda India, naye huitwa mtu makini. Mwanamke wa Nachingwea akiuliza hilo hilo, huitwa mbishi.

Ninyi maofisa wa wizara mnaonisoma (najua mpo, baadhi yenu nimewafundisha), agizeni kila hospitali impe mgonjwa nakala ya ripoti ya patholojia pasipo kumbembeleza mtu. Vipande vya nyama vilivyohifadhiwa katika nta viazimwe kwa maabara nyingine kwa barua moja tu. Vinaweza kusafirishwa hadi Dar es Salaam, Mwanza au Moshi huku mgonjwa akibaki nyumbani. Bima igharamie usomaji huo wa pili, na jibu lirudi haraka, kwani saratani haisubiri miezi. Mtaniambia wagonjwa watapoteza muda wakizunguka. Wanazunguka sasa hivi, kwa waganga na wauza mizizi, maana huko hakuna anayewakaripia wakiuliza.

Vipande vya shangazi tulivipata baada ya wiki tano na barua tatu. Msomaji wa pili alikubaliana na wa kwanza: ni saratani. Shangazi alilia, kisha siku hiyo hiyo akatia saini fomu ya upasuaji, fomu ambayo kwa wiki zote hizo alikuwa amekataa kuigusa.