Mfungaji bora alikuwa Mlandizi, Kibaha na Kisarawe walikuwa bize na Kariakoo

Wadau, kuna jaribio dogo la kitaa. Nenda pale Maili Moja, Kibaha, simamisha bodaboda kumi, uliza swali moja tu: nani alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2016/17?

Wengi watasema Simon Msuva. Hapo wamepata nusu. Msuva wa Yanga alimaliza na mabao 14, ila kileleni hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwamba mwingine mwenye mabao 14 vilevile, anaitwa Abdulrahman Mussa, straika wa Ruvu Shooting. Timu ya Mlandizi hiyo, uwanja wa Mabatini. Yaani humo humo Kibaha, daladala moja tu kutoka Maili Moja.

Sasa ukiwaambia watu wanashtuka. "Acha bwana, kweli?" Kweli kabisa. Na huo mshtuko ndio aibu yenyewe.

Ebu tuliza akili hapa. Yanga ya msimu ule ilikuwa na Haruna Niyonzima, Thabani Kamusoko, Amissi Tambwe, Obrey Chirwa. Ndiyo iliyobeba ubingwa kwa tofauti ya mabao baada ya kulingana na Simba kwa pointi 68. Msuva alikuwa anapikiwa na kutengewa, na kazi yake aliifanya vizuri, hakuna anayembishia. Lakini mwenzake wa Mlandizi alifikisha namba ile ile kwenye timu ambayo mechi nyingi ilikuwa inaingia uwanjani kutafuta pointi moja isiende na maji. Msimu huo huo JKT Ruvu, majirani zao kabisa, walishuka daraja. Katika mazingira hayo mtu anafunga 14!

Baada ya hapo Msuva akapanda ndege kwenda Morocco, Difaa El Jadida. Haki yake. Jina la yule mwingine likaanza kufifia midomoni mwa watu hata kabla msimu mpya haujachangamka.

Cha kuchekesha, Ruvu Shooting yenyewe ilikuwa na jina mjini. Ila jina lililokuwa linatamba ni la msemaji wake, Masau Bwire, na habari zake za "kupapasa". Kila mtu alikuwa anamnukuu, kila redio ilikuwa inamtafuta. Hana kosa, alikuwa anaipigia debe timu yake na aliipiga hasa. Kosa liko kwa waliokuwa wanasikiliza: walibeba maneno, mabao wakayaacha Mabatini.

UGONJWA HAUKUISHIA HAPO

Msimu wa 2021/22 sinema ikajirudia. Yanga walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Fiston Mayele alikuwa anatetema na nchi nzima inatetema naye, kuanzia watoto wa shule hadi mabibi kwenye maharusi. Msimu unafungwa, Mayele ana mabao 16. Anayeongoza ana 17. Nani? George Mpole, Mtanzania, wa Geita Gold, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu!

Geita wakamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mpole akaitwa Taifa Stars, na Juni 2022 akaifungia bao dhidi ya Niger kule Cotonou, mechi ikaisha 1-1. Lakini zile stori za mjini zilisemaje? Kuna mchambuzi mmoja, jina kapuni, kuna mwingine naye jina kapuni, na kuna kundi zima la mashabiki wao mtandaoni, wote neno lao ni moja: kabahatisha.

Kabahatisha! Mabao 17 ya bahati. Mtu anabahatisha mechi ya kwanza, anabahatisha ya kumi, anabahatisha mpaka ligi inafungwa. Bahati ya namna hiyo wangepewa wanaochana mikeka kila wikiendi, nyumba zingejengwa Kibaha nzima.

Na hapo ndipo unafiki unapojianika. Mchezaji wa Kariakoo akifunga mabao matatu mfululizo anaitwa mashine, mtambo, jini. Wa timu ndogo akifunga 17 anaambiwa arudie msimu ujao ndiyo aaminike. Mzani mmoja, mawe mawili.

Kuna watakaosema, "Mbona hawakuendelea? Mpole alienda FC Lupopo ya Lubumbashi, mbona makelele yaliisha?" Hoja ina uzito wake. Ni kweli wafungaji wa namna hii wengi wao huwaka msimu mmoja kisha moto unapungua. Ila aulizwe anayesema hivyo: moto unawaka bila kuni? Straika anaishi kwa pasi, kwa dakika uwanjani, kwa daktari wa maana akiumia, kwa kocha anayejenga mchezo kumzunguka yeye. Ukimtoa sehemu alipokuwa mfalme ukampeleka anakoanzia benchi, usishangae namba zikishuka.

Ushahidi wa upande wa pili upo. Saido Ntibazonkiza aliondoka Yanga mwaka 2022, umri umeshapita 35, vijiweni wakamwita mzee. Akaenda Geita Gold hiyo hiyo, akafunga, katikati ya msimu Simba wakamchukua. Juni 2023 akawatandika Polisi Tanzania mabao matano peke yake, mechi imeisha 6-1, na msimu akaumaliza na mabao 17 sawasawa na Mayele. Mguu ulikuwa ule ule wa "mzee". Alichokikosa ni watu wa kumwamini.

WENZETU WANAFANYAJE?

Marekani, kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi, yupo Kurt Warner. Kabla hajatoka alikuwa anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi usiku. Msimu wa 1999 akaingia kuiongoza St. Louis Rams, akawa mchezaji bora wa ligi na akabeba Super Bowl. Wenzetu hawakusema kabahatisha wakalala. Mwaka 2021 ikatoka filamu nzima ya maisha yake. Mtoto wa Marekani anayepanga bidhaa leo anajua kuna mtu aliwahi kutokea hapo alipo yeye.

Mtoto wa Kibaha anayecheza ndondo peku jioni anajua nini? Dogo wa Kisarawe anayepanda daladala hadi Gongo la Mboto kwenda kufanya majaribio anaambiwa nani wa kumfuata? Kiluvya, pale Kisarawe inapopakana na Kibaha, ina timu iliyowahi kucheza Daraja la Kwanza, Kiluvya United. Vijana wangapi wa hapo hapo wanaweza kutaja wachezaji watatu tu wa kikosi kile? Ila kikosi cha Arsenal wanakitaja mpaka golikipa wa tatu.

Ruvu Shooting walishuka daraja msimu wa 2022/23. Mjini hapakutikisika. Hakuna aliyebadilisha picha ya wasifu, hakuna aliyelia kwenye stori za Instagram. Vijana wa Kibaha walikuwa banda umiza wamevaa jezi za Kariakoo. Msimu uliofuata Geita Gold nao wakashuka. Timu mbili zilizotoa wafungaji bora ndani ya miaka sita, zote chini.

Kuishabikia Simba au Yanga si dhambi. Dhambi ni kukaa dakika chache kutoka uwanjani, usikanyage hata siku moja, halafu mchezaji akilipuka uwe wa kwanza kusema hujawahi kumsikia. Ungemsikia wapi?

Bando la kupost mbwembwe za watu wa Dar lipo. Basi dakika moja ya bando hilo imtoshe dogo mmoja wa Mlandizi, wa Maneromango au wa Kiluvya anayefunga kila wiki. Video moja ya simu inaweza kumfikia kocha ambaye hatapita huko maisha yake yote. Vinginevyo mwingine atafunga 14, watu watashtuka tena, na mwezi ujao watakuwa wamesahau.

Mdau wa Pwani, mtaje hapo chini mchezaji mmoja wa mtaani kwako anayestahili kuonekana. Simba na Yanga leo hazihesabiwi.