Safari ya Kumwona Simba Isiwe ya Wageni Pekee

Neno safari ni letu. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu zamani, kikalitumia kwa mwendo wa kila aina: anayekwenda Kinango kuzika yuko safarini, naye anayevuka Likoni kutafuta kazi yuko safarini. Katika karne ya 19 Waingereza waliliazima, wakalipunguza maana. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, safari kwake na kwa wenzake ilikuwa bunduki, mahema na msururu wa wapagazi wenye mizigo vichwani. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo, na kamera ikashika nafasi ya bunduki. Silaha ilibadilika, lakini msafiri hakubadilika sana. Hadi leo, ikitajwa safari ya kwenda kuona simba, wengi wetu humfikiria mgeni aliyevaa kofia pana.

Hali hiyo ni dhahiri shahiri huku Kusini mwa Pwani. Kandokando ya barabara ya Diani, vibao hutangaza safari za Tsavo za siku mbili au tatu kwa lugha za kigeni. Alfajiri magari huondoka hotelini, yakiendeshwa na vijana wetu, yakielekea bara. Mwanafunzi wa Ukunda au Msambweni huyaona yakipita. Yeye simba amemshika mkononi, maana yumo katika sarafu ya shilingi 10 iliyotolewa mwaka 2018. Amemwona katika nembo ya taifa, wakiwa wawili wameshika ngao. Yamkini amemwona pia katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ambamo mhusika mkuu anaitwa Simba, jina la Kiswahili, ingawa anazungumza Kiingereza cha Marekani. Simba wa nyikani, aliye mwendo wa saa chache tu kutoka kwao, hajawahi kumwona.

Rai yangu ni kwamba safari ya kumwona simba ni sehemu ya elimu, na kwamba shule za Kwale zinapaswa kuipanga zenyewe, kwa lugha yao na kwa madhumuni yao.

Wapo watakaosema kwamba tuna Shimba Hills karibu, tuende mbali kutafuta nini? Hoja hiyo ina uzito. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, ndiyo makao ya pekee ya palahala nchini Kenya. Ina tembo pia, na jirani yake ipo Mwaluganje, ambako wenyeji walitenga ardhi yao kwa ajili ya tembo katika miaka ya 1990. Shule ambayo haijapanda huko ianzie huko. Hata hivyo, Shimba Hills si mahali pa kwenda kutafuta simba. Atakaye kumwona simba hana budi kwenda Tsavo, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 20,000. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 katika Kenya nzima. Msomaji azikusanye shule chache kubwa za Ukunda, na huenda akapata wanafunzi wengi kuliko simba wa taifa zima.

Tsavo ni darasa la historia vilevile. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa, simba wawili dume waliwashambulia wafanyakazi kwa miezi kadhaa hadi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba. Patterson alipata kudai kwamba waliwaua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao walikadiria, mwaka 2009, kwamba waliowala ni kama 35. Hapo mwanafunzi anajifunza kulipima dai kwa ushahidi, hata kama limeandikwa kitabuni. Simba hao sasa wako katika jumba la makumbusho mjini Chicago, walikouzwa miaka ya 1920. Tena hawakuwa na singa shingoni, na madume wengi wa Tsavo wana singa chache. Mtoto aliyefunzwa na picha kwamba kila dume ana singa nyingi atasahihishwa na macho yake mwenyewe. Kusikia si kuona.

Nami, nikiwa mtu wa taaluma ya lugha, nina sababu nyingine. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wengi wao wazawa wa Pwani, nikiwauliza majina ya wanyama, hutaja kwa wepesi simba, tembo, twiga na chui. Wakifika kwa swala wenye shingo ndefu, au paa wadogo wa vichakani, hukimbilia Kiingereza. Maneno tunayo: choroa, palahala, pofu, kuro, kongoni, swala twiga. Mtoto wa simba anaitwa shibli. Maneno haya hayajafa, bali yamelala kamusini kwa kukosa watu wa kuyatumia. Neno huishi linapokutana na kitu chake. Mwanafunzi aliyemwona choroa akinywa maji hatalisahau jina lake, na mwongozaji watalii atakayetokana naye hatawapa wageni majina waliyokuja nayo.

Basi safari yenyewe ipangwe vipi? Kwanza, majira. Kipindi cha kuanzia Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari, ndicho kizuri zaidi, kwa kuwa nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika penye maji, kama vile bwawa la Aruba katika Tsavo Mashariki. Pili, saa. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku, naye hutembea zaidi usiku, alfajiri na jioni. Basi likitoka Ukunda asubuhi litafika Voi jua limepanda, na simba amejilaza kichakani asionekane. Afadhali kikundi kilale Voi na kuwa langoni saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Tatu, njia. Barabara ya Dongo Kundu sasa humwezesha msafiri wa kusini kufika barabara kuu ya Nairobi bila kungoja feri. Nne, ada. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hutoza vikundi vya wanafunzi wenyeji kiasi kidogo kuliko cha wageni, lakini shule sharti iombe mapema. Vilabu vya Wanyamapori, vilivyoanza nchini mwaka 1968, ni njia nzuri ya kuanzia.

Aidha, wanafunzi waelezwe kwamba simba hana miadi na mtu. Wanaweza kuzunguka kutwa nzima wasimwone. Atakayesoma nyayo penye matope na kusikia ngurumo usiku hatarudi mikono mitupu.

Pingamizi kubwa ni fedha, nami silipuuzi. Mzazi anayevua samaki au kuuza nazi hawezi kutoa nauli na malazi kwa mkupuo. Lakini safari iliyopangwa mwaka mmoja kabla, ikachangiwa kidogo kidogo kwa mihula mitatu, si sawa na ile inayotangazwa wiki mbili kabla. Serikali ya kaunti inaweza kutoa basi. Hoteli za Diani, ambazo sehemu ya biashara yake imejengwa juu ya jina la simba, haziwezi kushindwa kudhamini darasa moja kila mwaka. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mwenyeji apone kweli, na mtoto wake aione nchi yake.

Lipo pia jambo zito kuliko nauli. Wafugaji wanaopakana na Tsavo hupoteza ng'ombe na mbuzi kwa simba, na huku kwetu wakulima hupoteza mahindi kwa tembo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia, ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa, na malalamiko kwamba hucheleweshwa ni mengi. Watakaoamua kesho kama simba atabaki au atatiliwa sumu ni watoto walio madarasani leo. Tukiwaachia wamjue kama hasara kwa mfugaji na starehe kwa mgeni, tusishangae wakikosa sababu ya kumtetea. Wamwone, waongee na wafugaji wanaoishi naye, kisha wahukumu wenyewe.

Kwa hiyo nawahimiza walimu wasingojee waraka. Kalenda ya mwaka ujao ikiandaliwa, siku mbili za Tsavo ziandikwe humo pamoja na mitihani na michezo, na orodha ya majina ya wanyama kwa Kiswahili ianze kufundishwa tangu muhula wa kwanza.