Ubongo wa Maabara Sawa, Lakini Seli ni za Nani?

Wasee, tangu 2013 wanasayansi wanakuza vipande vya tishu ya ubongo maabarani. Si muvi. Wanachukua seli za ngozi au damu, wanazirudisha ziwe seli shina, kisha zinakua hadi ukubwa wa punje ya ndengu. Dawa ya kifafa inaweza kujaribiwa hapo, badala ya kutegemea panya pekee.

Mimi naikubali hiyo kitu. Lakini hizo seli ni za nani? Nyingi zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye jeni tofauti zaidi duniani. Dawa iliyomfaa mtu wa Vienna inaweza kumsumbua mtu wa Lurambi.

WHO inasema karibu 80% ya wenye kifafa wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani wagonjwa ni sisi, vipimo ni vya wengine? Zii. MMUST iko hapa Kakamega, hospitali ya rufaa iko. Serikali itoe pesa, wanafunzi wafunzwe kukuza seli.

Ila hakuna mgonjwa atajitokeza kutoa damu kama bado tunasema kifafa ni mapepo. Hiyo haingoji serikali. Ni mimi na wewe.